Taa Imezimika, Tairi Halijapona

Tafakari ya juma
Masomo: Yeremia 36, 2 Wakorintho 10:12–18, 2 Wakorintho 12:7–10



Juma hili naanza kwa kuungama. Kwa mwezi mzima nimeendesha gari la usharika likiwa na matairi yaliyopungua upepo, yote manne, na aliyeyapunguza ni mimi mwenyewe.

Mwezi Juni nilikuwa natoka Manyoni mchana, jua kali, lami inameremeta kama maji. Tuliposimama kunywa chai, dereva mmoja wa lori, mtu mzima wa heshima zake, alilishika tairi letu kwa kiganja, akatikisa kichwa. "Baba Mchungaji, hili limejaa mno. Kwa joto hili litapasuka. Punguza upepo kidogo." Ushauri huo mmeshausikia wengi wenu, na pengine mmeshautoa. Nikamshukuru, tukapunguza la kwanza, la pili, la tatu na la nne, kwa kukadiria tu, bila geji. Kisha nikafanya kama kitabu cha gari kinavyoelekeza kila ukigusa upepo wa matairi: nikabonyeza kitufe kilicho chini ya usukani. Taa ya njano kwenye dashibodi ikapepesa mara chache, ikatulia. Nikaingia Singida mjini nikiwa na amani.

Julai ilipofika na baridi yake, taa ile ikawaka. Siku ya kwanza nikaitazama. Siku ya pili nikaizoea. Siku ya tatu tulikuwa njiani kwenda Shelui kwenye sikukuu ya mavuno, watu watano ndani, spika za kwaya nyuma, na kuku wawili tuliopewa njiani. Tulipoipita Iguguno, mwinjilisti aliyekaa kando yangu akauliza, "Baba Mchungaji, hiyo taa ni ya nini?"

Nikamjibu, "Ni ya upepo. Huwa inawaka tu."

Hakusema neno. Ila tulipokaribia Misigiri nikaukumbuka mteremko wa Sekenke ulioko mbele, namna barabara inavyoanguka kuelekea bonde la Wembere, na namna malori yanavyoushuka kwa gia nzito huku breki zikinuka. Nikaona aibu. Nikakata kona, nikasimama kwa fundi pancha.

Fundi mwenyewe ni kijana ambaye hata ndevu hazijamwota sawasawa. Kompresa yake ilikuwa inanguruma chini ya mti. Alichukua geji akazunguka gari kimya, kisha akarudi na namba nne: 27, 26, 27, na tairi la nyuma kushoto 20. Akanifungulia mlango wangu mwenyewe, akanionyesha kibandiko kwenye nguzo ya mlango ambacho sikuwahi kukisoma. Kilisema 33.

"Na hizi ni namba za tairi la moto, Baba Mchungaji. Umetoka mjini mbio. Yangekuwa yamepoa, zingeshuka zaidi."

"Lakini taa imewaka kwa sababu ya hili moja?"

"Imewaka kwa hili moja. Haya matatu nayo ni wagonjwa, ila wamelingana."

Neno hilo ndilo lililonifanya niandike tafakari hii. Wamelingana.

Nilimwuliza inakuwaje taa iseme moja inyamazie matatu. Akachuchumaa. "Magari mengine yana kifaa ndani ya kila tairi, kinapima upepo chenyewe. Hili lako halina, mimi nimefungua mengi ya aina hii, ndani hamna kitu. Hili linahesabu mizunguko. Tairi likipungua linakuwa dogo kidogo, kwa hiyo linazunguka haraka kuliko wenzake. Gari likiona mmoja anakimbia kuliko wengine, linawasha taa. Wakipungua wote pamoja, linaona wote wako sawa." Akapiga teke kidogo lile tairi la nyuma. "Nikikujazia hili mpaka 27, ukabonyeza kile kitufe chako, taa itazimika na utaenda zako. Ila gari halijapona."

Basi nikamweleza habari za Manyoni. Alicheka kwa adabu. "Kumbe uliliambia gari kwamba ugonjwa ndio afya."

Ndugu zangu, nimehitimu chuo cha theolojia na nimesikiliza mahubiri ya watu wakubwa. Sijapata kusikia maelezo ya dhambi ya jumuiya yaliyonyooka kuliko hayo ya kijana aliyechuchumaa pale Misigiri.

*

Kabla sijaenda mbali, niwaeleze kidogo habari za taa yenyewe, maana wengi mnaendesha na wengine mnapanda. Mchoro wake ni kama chungu kisicho na kifuniko, chenye vijino kitakoni, na ndani alama ya mshangao. Chungu hicho ni tairi lililokatwa katikati. Rangi yake ni njano. Taa nyekundu kwenye dashibodi inakuambia simama sasa. Ya njano inakuambia bado una muda, lakini utumie. Magari mengi ya mitumba yanayotufikia Singida kutoka Japani hayana taa hii, kwa kuwa sheria ya huko haikuwalazimisha watengenezaji kuiweka. Mwenye gari lisilo na taa hajasamehewa kupima. Yeye ndiye anayehitaji geji zaidi.

Taa hii ilizaliwa katika msiba. Agosti mwaka 2000, huko Marekani, kampuni ya Firestone iliita matairi yapatayo milioni 6.5 yarudishwe, mengi yakiwa yamefungwa kwenye magari ya Ford Explorer. Matairi yalikuwa yakibanduka yakiwa kwenye mwendo, magari yakipinduka, na waliokufa walipita 200. Joto na upepo pungufu vilikuwa miongoni mwa mambo yaliyoyazidishia matairi yale udhaifu. Mwaka huohuo Bunge lao likatunga sheria, na kuanzia Septemba 2007 kila gari dogo jipya linalouzwa huko lazima liwe na taa ya kuonya pale upepo wa tairi unaposhuka robo chini ya kiwango chake. Ulaya ikafuata, na tangu Novemba 2014 magari mapya yote ya abiria huko yanayo. Kwa hiyo unapoiona taa ile ya njano, ujue kuna watu waliotangulia kufa ili wewe uonywe. Sisi Wakristo tunapaswa kulielewa hilo upesi kuliko wengine.

Na lile tairi la Manyoni? Yule mzee wa lori alikosea kwa nia njema. Ni kweli kwamba tairi likipata moto upepo wake hupanda. Watengenezaji wanalijua hilo, na kiwango walichokiandika mlangoni ni cha tairi lililopoa. Ukipunguza upepo wa tairi la moto, likipoa linabaki na njaa. Tairi lenye njaa linajikunja kila linapogusa lami. Kwa kila kilometa linajikunja na kujikunjua mamia ya mara, mbavu zake zinachemka, nyuzi za ndani zinaachia, kisha siku moja, gari likiwa na mzigo na mwendo, linapasuka. Watu wanasema lilijaa mno. Mara nyingi lilikuwa limepungua.

Tarehe 28 Juni 2025, huko Same mkoani Kilimanjaro, basi na basi dogo viligongana na kuwaka moto. Watu wasiopungua 38 walikufa, baadhi yao wakiwa safarini kwenda harusini. Taarifa zilizotolewa zilisema tairi la basi ndilo lililoleta hitilafu, dereva akashindwa kulimudu gari. Msiba ule siutaji kumhukumu mtu. Katika Luka 13 Bwana wetu aliletewa habari za watu waliouawa, naye akakumbusha wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu; akakataa kabisa kuwahesabu kuwa wenye dhambi kuliko wengine. Lakini hakuishia hapo. Aliwageukia waliokuwa hai akawataka watubu. Msiba wa mwingine, kwa Yesu, hauwi nafasi ya kumpima marehemu. Unakuwa nafasi ya aliye hai kusimama na kutazama matairi yake.

*

Jambo la kwanza ni lile jibu langu kwa mwinjilisti: huwa inawaka tu.

Someni Yeremia 36. Ni mwezi wa tisa wa Kiyahudi, majira ya baridi, na mfalme Yehoyakimu ameketi katika nyumba yake ya baridi, mkaa unawaka mbele yake. Analetewa gombo. Baruku ameliandika kwa kinywa cha Yeremia, na limejaa maonyo ya Mungu kwa Yuda. Msomaji, Yehudi, anasoma safu tatu au nne. Mfalme anachukua kisu cha mwandishi, anakata kile kipande kilichosomwa, anakitupa motoni. Zinasomwa nyingine, anakata tena. Wakuu watatu, Elnathani, Delaya na Gemaria, wanamsihi asiliteketeze. Hawasikii. Anaendelea mpaka gombo lote limekuwa majivu, na mwandishi wa kitabu anaona ni vema kutuambia kwamba hakuna aliyeogopa wala kurarua mavazi yake.

Mimi huwa naitazama sana ile picha ya mfalme anayeota moto wa maneno yaliyotumwa kumwokoa. Onyo limemfaa kwa joto la jioni moja. Wapo madereva wanaobandika kipande cha utepe mweusi juu ya taa ili isiwasumbue usiku. Wapo wanaomwambia fundi wa umeme aitoe kabisa. Yehoyakimu ndiye babu yao. Wapo na wazazi wanaomhamisha mtoto shule kwa sababu mwalimu alithubutu kusema mtoto anavuta bangi. Wapo wazee wa kanisa wanaomkwepa mhasibu aliyeuliza risiti ziko wapi. Taa imetolewa. Tairi liko palepale.

Lakini sura ya 36 haiishii kwenye majivu. Mungu anamwambia Yeremia achukue gombo jingine. Baruku anaketi tena, anaandika maneno yaleyale yote, na mengine mengi ya namna hiyo yanaongezwa. Huruma ya Mungu ina ukaidi wake. Ukiizima taa, ataiwasha tena, na safari hii atakuwa na mengi zaidi ya kukuambia.

*

Jambo la pili ni lile la kupima tairi likiwa limepoa. Mafundi wote husema hivyo: pima asubuhi kabla hujatembea. Gari likishakwenda kilometa kadhaa, namba zinapanda zenyewe, na tairi lililopungua linaonekana zima. Asubuhi za Julai kwetu hapa, upepo wa baridi ukivuma kutoka kwenye yale majabali na Ziwa Singidani likiwa kimya, ndipo geji inaposema kweli.

Nasi tuna tabia ya kujipima tukiwa moto. Wiki ya uamsho imekwisha, kwaya zimeimba, watu wamelia, mapambio hayajatoka masikioni, nasi tunaandika kwenye taarifa ya usharika kwamba hali ya kiroho ni nzuri. Jumatatu asubuhi ndiyo geji. Jumatatu asubuhi mnadani, unapowekewa mzani ulioguswa na unajua umeguswa. Jumatatu asubuhi nyumbani, mke anapouliza fedha za alizeti zimekwenda wapi. Hapo ndipo tairi limepoa, na namba inayosomeka hapo ndiyo namba yako.

*

Jambo la tatu ndilo zito, na ndilo sababu ya kuandika.

Mtume Paulo anawaandikia Wakorintho juu ya watu waliokuwa wakijisifu kwa kujipima wao kwa wao na kujilinganisha nafsi kwa nafsi, naye anasema watu wa namna hiyo hawana akili. Nimelisoma fungu hilo miaka mingi nikidhani linahusu majivuno ya mtu mmoja mmoja. Pale Misigiri nililiona upya. Kujilinganisha kunaweza kumgundua mmoja aliyeshuka kuliko wenzake, na hilo tunaliweza sana: binti aliyepata mimba akiwa kwaya ya vijana tunamwona siku ileile, taa inawaka, kikao kinaitwa, anatengwa. Kulinganisha hakuwezi kamwe kutugundua tulioshuka pamoja.

Mkoa wetu una mfano wake, nami ni mchungaji wenu, sina budi kuutaja.

Miaka ya 1970 ulienea katika nyanda zetu hizi za kati uvumi juu ya ugonjwa uitwao lawalawa. Watoto wa kike walikuwa wakipata muwasho na maumivu sehemu za siri na katika njia ya mkojo, na watu wakaambiana kwamba dawa ni kuwakeketa. Mama akamfanyia bintiye kwa sababu jirani alimfanyia wake. Bibi akasisitiza kwa sababu naye alifanyiwa. Madaktari walikwishasema kwamba yale ni maambukizi ya kawaida, yanayopona kwa dawa na usafi. Mwaka 1998 Sheria ya Makosa ya Kujamiiana ikaufanya ukeketaji wa msichana aliye chini ya miaka 18 kuwa kosa la jinai. Je, tuliacha? Wengine waliacha, Mungu awabariki. Wengine walihamishia jambo hilo kwa watoto wachanga, usiku, ndani ya nyumba, mahali ambapo hakuna wa kuuliza. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2015–16 ulipohesabu, uliwakuta waliofanyiwa ni karibu mwanamke 1 kati ya 10 kwa Tanzania nzima. Kwa Singida walikuwa karibu 3 kati ya 10.

Sasa jiulizeni: katika miaka yote hiyo, taa ilikuwa wapi? Tulikuwa na makanisa, misikiti, shule, mabaraza ya wazee. Kila Jumapili tulikutana. Lakini kila nyumba ilijipima kwa nyumba ya jirani, kila kitongoji kwa kitongoji cha pili, na wote tulikuwa 27 pale palipoandikwa 33. Tulikuwa tumelingana. Mbaya zaidi, tulikuwa tumeshabonyeza kitufe. Tuliziambia dhamiri zetu kwamba hapa tulipo ndipo kiwango kinapoanzia, kwa hiyo mama aliyekataa kumkeketa mwanawe ndiye aliyeonekana tairi bovu. Yeye ndiye aliyewashiwa taa.

Siwahukumu mama zetu. Wengi walifanya kwa hofu ya kumpoteza mtoto, kama mimi nilivyopunguza upepo kwa hofu ya tairi kupasuka. Nia njema iliyopewa kipimo kibovu huumiza kama nia mbaya. Ndiyo maana tunahitaji namba iliyoandikwa na aliyeliunda gari, mahali ambapo barabara haiwezi kuifuta. Ipo nguzoni mwa mlango tangu siku gari lilipotoka kiwandani. Sisi tumeumbwa kwa mfano wa Mungu, mwanamume na mwanamke, na Neno limeliandika hilo katika sura yake ya kwanza kabisa, kabla ya kabila lolote kuwapo. Hakuna aliye na ruhusa ya kukata alichokitazama Mungu na kukiita chema sana.

Na mara nyingi anayeufungua ule mlango na kutuonyesha kibandiko ni mtu wa pembeni. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Muuguzi aliyehamishiwa zahanati ya kijiji kutoka mkoa mwingine na kushangaa tusichokishangaa. Mkwe aliyeolewa kutoka kwingine. Mtoto wa darasa la tano anayerudi na swali. Tukiwaona watu hao tunasema hawajui mila zetu. Kweli hawazijui. Geji nayo haijui jina la mwenye gari, na ndiyo maana inasema kweli.

Kanisa nalo lisijidhani liko salama. Sisi wachungaji tukikutana huulizana idadi ya washarika, matoleo, kiwanja, bati. Nikimkuta mwenzangu ana upungufu kuliko mimi, narudi nimefarijika. Hiyo ni taa ya kuhesabu mizunguko. Inaweza kuniambia nimewazidi au wamenizidi. Haiwezi kuniambia kama nina upepo.

Neno hili upepo nalo lina siri yake. Kigiriki cha Agano Jipya kina neno moja, *pneuma*, kwa upepo, pumzi na Roho. Ndugu zetu wa Kongo wanaozungumza Kifaransa huliita tairi *pneu*, na neno lao limetoka katika chimbuko hilohilo. Kijana wa Misigiri hajui Kigiriki, lakini alipouliza, "Nikuwekee upepo kiasi gani?" nilisikia swali ambalo Nikodemo, yule aliyeambiwa na Yesu habari za upepo na Roho katika Yohana 3, angelielewa.

*

Jambo la mwisho ni mwiba.

Baada ya kupima, fundi alilivua lile tairi la 20, akalipaka maji ya sabuni, akalizungusha polepole. Povu likatokea mahali pamoja. Akachukua koleo, akachomoa mwiba wa mgunga, mrefu kama njiti ya kiberiti, mweupe, umekatikia ndani. Akaniwekea kiganjani.

Nikakaa nao pale nikifikiri. Kama si mwiba huu, matairi yangu manne yangebaki yamelingana. Taa isingewaka. Ningeushuka Sekenke na watu watano na spika na kuku, yote manne yamepungua, yote manne yanachemka, dashibodi safi kabisa. Mwiba uliolijeruhi moja ndio uliotufanya tuyapime yote.

Paulo, katika waraka uleule, anasema alipewa mwiba katika mwili. Aliomba mara tatu uondolewe. Haukuondolewa, alipewa neema ya kumtosha, na akajifunza kwamba uweza wa Mungu hukamilika palipo na udhaifu. Hasemi mwiba ulikuwa kitu kitamu. Anauita mjumbe wa Shetani. Hata hivyo Mungu aliutumia kumzuia asijivune kupita kiasi.

Basi nawasihi, katika nyumba zenu na katika usharika, msimfanyie haraka yule aliyeshuka kuliko wengine. Yule kijana mlevi wa familia. Yule binti wa kwaya. Yule mama aliyelia kikaoni kuhusu jambo ambalo wote mnalijua na hakuna anayelisema. Mkimkazania yeye peke yake mpaka alingane na ninyi, taa itazimika na mtasema Bwana ametenda. Mwanzieni yeye, mumtibu jeraha lake, kisha chukueni geji mkazunguke gari zima.

Kijana yule aliliziba tairi, akalifunga, kisha akayajaza yote manne mpaka 36. "Nimezidisha kwa sababu ni moto," akasema. "Kesho asubuhi lipime tena likiwa limepoa, lirudi kwenye ile ya mlangoni. Halafu ndipo ubonyeze kitufe." Tukashuka Sekenke taratibu, taa bado inawaka njano mbele yangu, na safari hii sikuona haja ya kuizima. Mwinjilisti aliitazama, akanitazama, akatabasamu. Asubuhi iliyofuata, nje ya nyumba tuliyolala Shelui, jogoo wakiwika, nilipima mwenyewe kwa geji ya kuazima. Nikasawazisha yote manne kwenye 33. Ndipo nikabonyeza.

*

Kwa juma hili

Wenye magari na pikipiki: pimeni upepo asubuhi moja kabla ya kutembea. Kwa gari, fuateni namba iliyo kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Ile kubwa iliyoandikwa ubavuni mwa tairi ni kikomo chake, haikusudiwi kuwa kiwango cha kila siku. Msisahau tairi la akiba. Msipunguze upepo wa tairi la moto. Taa ikipepesa kwa zaidi ya dakika moja kila mnapowasha gari, kisha ikabaki inawaka, mara nyingi kifaa chenyewe ndicho kigonjwa na hakiwezi tena kuwaonya. Kipelekeni kwa fundi. Dhamiri nayo hufikia hapo.

Wote: mtafuteni mtu mmoja asiyefanana nanyi, wa umri mwingine, au wa kabila jingine, au aliyehamia karibuni. Mwulizeni ni jambo gani la nyumba yenu au la kanisa lenu linalomshangaza. Msimjibu. Msikilizeni tu, mkalale nalo.

Tuombe

Bwana Mungu, uliyetuumba na unayekijua kiwango chetu, utusamehe kwa taa tulizozizoea na kwa magombo tuliyoyaota moto. Utusamehe kwa kulingana kwetu. Waponye mabinti na mama wa mkoa huu ambao miili yao imebeba makosa ya wengi, na uwalinde watoto wachanga usiku wa leo. Uwape ujasiri wauguzi, walimu na watoto wanaouliza maswali. Uwalinde wasafiri wa Sekenke na wa barabara zote, na madereva walio na roho za watu mikononi mwao. Utupe upepo wako, kwa kipimo chako. Kwa jina la Yesu Kristo Bwana wetu. Amina.